Kufuma Soksi kwa Mkono na Kujaribu Mbinu Usizozizoea

Soksi ni kazi ndogo yenye mambo mengi ndani yake. Kuanzia ukingo wa juu hadi vidoleni, mfumaji hulazimika kuanzisha vitanzi vinavyovutika, kufuma kwa mzunguko, kugeuza kazi kabla mstari haujaisha, kuokota vitanzi pembeni, kupunguza kwa kuegemea kulia na kushoto, na mwishowe kuunganisha vitanzi ambavyo bado viko wazi. Hakuna vazi lingine la ukubwa huo linalodai ujuzi wa aina nyingi kiasi hicho, na ndiyo maana naamini soksi ndiyo shule bora ya mtu anayetaka kujaribu mbinu mpya: kisigino kisipokaa vizuri, kinachofumuliwa ni kazi ya saa chache, wala si sweta nzima.

Kuna sharti moja ambalo nitalirudia humu, kwa sababu wengi hukata tamaa kwa kutolizingatia. Badilisha jambo moja tu kwa soksi moja. Ukijaribu kisigino kigeni, basi uzi, sindano, idadi ya vitanzi na namna ya kushika uzi viwe vile vile ulivyovizoea. Ukibadilisha kisigino, uzi na mwelekeo wa kufuma kwa mara moja, soksi ikikubana hutajua ni kipi kilichosababisha, na mbinu nzuri inaweza kutupwa kwa kosa lisilo lake. Kwa hiyo kila mfumaji anahitaji kwanza soksi yake ya msingi, yaani soksi ya kawaida ambayo ameifuma mara kadhaa na anajua inavyomkaa mguuni, ili iwe kipimo cha kulinganisha kila jaribio.

Soksi ya msingi

Uzi unaofaa ni mwembamba, uliosokotwa kwa kukazwa, wenye urefu wa takriban mita 400 kwa gramu 100. Mchanganyiko wa asilimia 75 ya sufu na asilimia 25 ya nailoni umekuwa wa kawaida kwa sababu nzuri: sufu hunyumbuka, hubeba unyevu na kulitunza joto, ilhali nailoni huzuia kitambaa kisilike haraka kisiginoni na kwenye vidole, ambako msuguano wa kiatu ni mkubwa. Uzi laini sana uliosokotwa kwa ulegevu hupendeza mkononi, lakini katika soksi huota manyoya na kutoboka mapema. Gramu 100 hutosha jozi moja ya mtu mzima mwenye mguu wa wastani.

Sindano za milimita 2.25 au 2.5 hutoa kitambaa kizito kiasi, na uzito huo ndio unaotakiwa. Soksi iliyofumwa kwa ulegevu huonekana nzuri siku ya kwanza, kisha hupanuka, hukunjamana ndani ya kiatu na kutoboka. Kwa uzi na sindano hizo wafumaji wengi hupata vitanzi 30 hadi 32 katika sentimita 10. Fuma kipande cha majaribio, kioshe, kikauke, ndipo uhesabu. Kipande hicho kifumwe kwa mzunguko, kwa sababu wengi hukaza zaidi wanapofuma usoni tu kuliko wanapogeuza na kufuma upande wa nyuma, na kipimo kilichotoka kwenye kipande bapa kinaweza kudanganya.

Baada ya hapo, pima mzingo wa unyayo pale palipo panapana, karibu na mzizi wa vidole. Soksi haina budi kuwa ndogo kuliko mguu ili ivutike na kuushika. Punguza asilimia 10. Tuseme mzingo ni sentimita 22. Ukitoa asilimia 10 unabaki na sentimita 19.8. Ikiwa kipimo chako ni vitanzi 32 kwa sentimita 10, yaani vitanzi 3.2 kwa sentimita moja, jibu ni vitanzi 63 na kitu. Chukua 64, kwa kuwa namba inayogawanyika kwa 4 hurahisisha mbavu za ukingo, kisigino na vidole. Maelezo yote yanayofuata yanatumia namba hiyo 64, na yeyote mwenye namba nyingine anaweza kuibadilisha kwa uwiano uleule.

Nitatumia maneno mawili kwa vitanzi vya msingi: kufuma usoni, ambako kitanzi huonekana kama herufi V, na kufuma kinyume, ambako kitanzi huacha nundu. Soksi ya msingi ianze kwa vitanzi 64 vilivyoanzishwa kwa ulegevu, ifuatwe na sentimita 4 au 5 za mbavu, usoni viwili na kinyume viwili, halafu bomba la usoni mtupu hadi urefu unaoupenda juu ya kifundo cha mguu.

Njia za kufuma bomba jembamba

Sindano nne au tano zenye ncha mbili ni njia ya zamani, na bado ni nzuri: kazi imegawanywa, na kila sindano ina sehemu yake ya soksi. Anayeziogopa mara nyingi huogopa mizunguko mitatu ya kwanza tu, pale sindano zinapoyumba kwa kukosa kitambaa cha kuzishika. Njia ya pili hutumia sindano moja ya mduara yenye kebo ndefu, angalau sentimita 80. Vitanzi hugawanywa nusu kwa nusu, kebo huvutwa katikati ikatokeza mzingo, nusu moja hufumwa wakati nusu nyingine imepumzika kwenye kebo, kisha kazi hugeuzwa. Njia hii inawafaa sana wanaotaka kujaribu mbinu mpya, kwa kuwa vitanzi vya juu ya mguu na vya upande wa unyayo hujitenga vyenyewe, na soksi inaweza kuvaliwa ijaribiwe bila kuondoa sindano.

Kwa njia zote mbili huzuka ngazi, yaani mstari wa vitanzi vilivyolegea pale sindano moja inapokutana na nyingine. Wengi hukaza kitanzi cha kwanza kwa nguvu zote, lakini kinachosaidia zaidi ni kukaza cha pili, kwa sababu wakati huo cha kwanza tayari kimeshikwa. Ngazi ikiendelea kuonekana, hamisha mpaka wa sindano kwa kitanzi kimoja kila baada ya mizunguko michache, na ulegevu utatawanyika.

Kuhusu namna ya kushika uzi, aliyezoea mkono wa kulia anaweza kujifunza mkono wa kushoto, na faida yake itaonekana siku atakapotaka kufuma rangi mbili kwa pamoja, uzi mmoja kila mkono. Hata hivyo kubadili mkono hubadili ukazaji, na hivyo hubadili ukubwa wa soksi. Jifunze kwenye kipande cha mazoezi, wala usibadili mkono katikati ya soksi iliyokwisha kuanzwa.

Soksi ya mazoezi na uzi wa usalama

Mbinu ngeni isianziwe kwenye soksi utakayoivaa. Anzisha vitanzi 32 kwa uzi mnene kidogo wa rangi nyepesi, kwa sababu uzi mweusi huficha kila kitu, na ufume soksi ndogo yenye sehemu zote: ukingo wa mizunguko mitano, bomba fupi, kisigino, unyayo na vidole. Ni kazi ndogo, na mikono hujifunza mwendo kabla akili haijalemewa na hesabu.

Unapohamia kwenye soksi yenyewe, weka uzi wa usalama. Chukua uzi mwembamba, laini, wa rangi tofauti, utunge kwenye sindano butu ya kushonea, na upitishe ndani ya kila kitanzi kilichomo sindanoni katika mzunguko wa mwisho kabla ya kuanza sehemu ngeni. Hakikisha haupiti ndani ya alama za kuhesabia ulizozitundika sindanoni. Jaribio likiharibika, chomoa sindano, fumua bila woga hadi kwenye uzi huo, na vitanzi vyote 64 vitakuwa vimesubiri mahali pake. Mtu anayejua kuwa hasara yake ina mpaka hujaribu mengi zaidi.

Kisigino chenye ukuta

Kisigino ndicho moyo wa soksi, na ndicho kitakachoamua kama itavaliwa au itakaa kabatini. Nianze na kile cha ukuta, yaani kipande bapa kinachofunika nyuma ya kisigino, kwa kuwa ndicho kinachomkaa karibu kila mtu, hasa mwenye mguu ulioinuka juu.

Vitanzi 32 vya juu ya mguu vipumzike. Vile 32 vya nyuma vifumwe kwa kwenda na kurudi: upande wa mbele, hamisha kitanzi kimoja bila kukifuma, fuma kimoja usoni, rudia hadi mwisho, upande wa nyuma, hamisha cha kwanza na ufume vingine vyote kinyume. Vitanzi vilivyohamishwa huacha uzi nyuma yake, na kitambaa huwa kinene maradufu pale kiatu kinaposugua. Fuma mistari 32. Kwa kuwa kitanzi cha kwanza huhamishwa kila mstari, pembeni pataonekana mnyororo wa vitanzi vikubwa 16 kila upande. Mnyororo huo ndio utakaokuongoza baadaye.

Sasa ugeuze kisigino. Hapa ndipo wengi husimama, kwa sababu maagizo yakisomwa bila kazi mkononi hayaeleweki. Yafuate na sindano mkononi. Upande wa mbele, fuma vitanzi 17 usoni, punguza kimoja kwa kuegemea kushoto, fuma kimoja zaidi, kisha geuza kazi ingawa vitanzi 12 havijaguswa. Upande wa nyuma, hamisha kimoja, fuma vitatu kinyume, fuma viwili pamoja kinyume, fuma kimoja, geuza. Hapo pia 12 vimebaki. Ukiangalia sindano utaona pengo dogo kila mahali ulipogeuka, na pengo hilo ndilo litakaloongoza kila mstari unaofuata: hamisha kimoja, fuma hadi kitanzi kimoja kabla ya pengo, unganisha kitanzi hicho na kile kilicho ng'ambo ya pengo, fuma kimoja, geuza. Kila mstari unameza vitanzi viwili vya pembeni, hivyo 12 huwa 10, kisha 8, hadi viishe pande zote mbili. Mwishoni unabaki na vitanzi 18 na kikombe kidogo kilichojitengeneza mkononi mwako.

Kupunguza kwa kuegemea kushoto hufanywa hivi: hamisha vitanzi viwili, kimoja baada ya kingine, kana kwamba unataka kuvifuma usoni, kisha ingiza sindano ya kushoto kwa mbele na uvifume pamoja kupitia migongo yao. Kuegemea kulia ni rahisi zaidi, kwani unafuma viwili pamoja usoni, basi.

Fuma vitanzi hivyo 18, kisha okota 16 kando ya mnyororo, na kimoja cha ziada kwenye kona kati ya ukuta na sehemu ya juu ya mguu. Kitanzi hicho cha ziada ndicho kinachoziba tundu ambalo vinginevyo hubaki kwenye kona. Fuma vitanzi 32 vya juu, okota 17 upande wa pili kwa namna ileile, na sasa una jumla ya 84. Ili kurudi 64, punguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja: kuegemea kulia mwishoni mwa upande mmoja wa unyayo, karibu na vitanzi vya juu, na kuegemea kushoto upande wa pili. Ukifanya hivyo mara 10, pembetatu mbili zitakuwa zimejichora pembeni mwa kifundo. Pembetatu hizo ndizo zinazoipa soksi nafasi ya kupanda juu ya mguu bila kuvutana.

Mwenye mguu ulioinuka sana aongeze mistari minne kwenye ukuta, apate mnyororo wa vitanzi 18 badala ya 16 kila upande, na aokote vitanzi vingi zaidi. Hayo ni marekebisho mepesi kuliko yote katika soksi, na husaidia sana.

Kisigino cha mistari mifupi

Kisigino hiki hakina ukuta wala pembetatu. Hutengenezwa kwa mistari inayopungua, kisha kuongezeka tena, na sura yake hufanana na kisigino cha soksi za kiwandani. Kina uzuri wake: hakivurugi mistari ya rangi kwenye uzi unaojichora wenyewe, na kinaweza kufumwa kwa namna ileile iwe soksi imeanzia juu au vidoleni.

Namna ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ile ya kitanzi pacha. Fuma vitanzi 32 vya kisigino usoni, geuza kazi. Uzi ukiwa mbele yako, hamisha kitanzi cha kwanza kwenda sindano ya kulia, kisha uvute uzi juu ya sindano kuelekea nyuma, kwa nguvu ya kutosha, mpaka kitanzi kikunjuke na kuonyesha miguu miwili juu ya sindano. Hicho ndicho kitanzi pacha. Rudisha uzi mbele, fuma kinyume hadi mwisho, geuza, tengeneza pacha mwingine kwa namna ileile, na ufume usoni hadi kabla ya pacha wa kwanza, geuza hapo. Endelea hivyo, kila mstari ukiwa mfupi kwa kitanzi kimoja, hadi uwe na mapacha 10 kila upande na vitanzi 12 vya kawaida katikati.

Fuma mizunguko miwili ya soksi nzima, ukihesabu kila pacha kuwa kitanzi kimoja, yaani sindano iingie chini ya miguu yote miwili kwa pamoja. Baada ya hapo safari hugeuka: anza na vile vya katikati, na kila mstari ufume hadi kumpita pacha uliyemwacha, fuma kitanzi kimoja zaidi, geuza, tengeneza pacha mpya. Mistari hurefuka hadi 32 vyote virudi kazini.

Ukazaji wa uzi wakati wa kutengeneza pacha ndio siri yote. Ukiuvuta kwa woga, mstari wa mlalo wa kisigino utaonyesha vitundu. Ukiuvuta vizuri, kitambaa hufungana kabisa. Lipo pia suala la nafasi, na hapa sitaficha maoni yangu: kisigino cha mistari mifupi juu ya nusu ya vitanzi humbana mtu mwenye mguu ulioinuka, na huiteremsha soksi ndani ya kiatu. Kumbuka kwamba umbali wa kuzunguka kutoka ncha ya kisigino hadi juu ya mguu unaweza kuzidi mzingo wa unyayo kwa theluthi nzima. Tiba ni kuongeza vitanzi vichache kila pembeni kabla ya kisigino, tuseme vinne kila upande, na kuvipunguza tena baada yake.

Kisigino cha kuongeza baadaye

Mbinu ya tatu humshangaza kila anayeiona kwa mara ya kwanza. Unapofika mahali pa kisigino, fuma vitanzi 32 kwa kipande cha uzi mwingine wa rangi tofauti, virudishe kwenye sindano ya kushoto, vifume tena kwa uzi wako wa kawaida, na uendelee na bomba kana kwamba hakuna lililotokea. Soksi ikikamilika, pitisha sindano kwenye vitanzi vilivyo juu na chini ya uzi ule wa rangi, uuchomoe taratibu, na tundu litafunguka likiwa na vitanzi wazi pande zote. Okota kimoja au viwili zaidi kila kona, kisha fuma kisigino kwa njia ileile ya kufunga vidole, inayoelezwa mwishoni. Mizunguko minne au mitano ya bila kupunguza mwanzoni hukipa kina cha kutosha. Bila hiyo kitakuwa kifupi mno.

Faida yake huonekana baadaye. Kisigino kikilika, unaweza kukifumua chote na kufuma kipya bila kuigusa soksi iliyobaki. Kwa anayefuma soksi za mtu anayezivaa ndani ya viatu vigumu kila siku, ningependekeza mbinu hii kuliko ile ya mistari mifupi.

Kuanzia vidoleni

Si lazima soksi ianzie juu. Soksi za pamba za bluu na nyeupe zilizopatikana Misri, za karne ya 11 hadi ya 13, zilianzwa vidoleni. Kabla yake kulikuwa na soksi za sufu za sindano moja, zilizotengenezwa kwa kufungana kwa mafundo bila ufumaji wa sindano mbili; jozi mojawapo, ya kati ya mwaka 250 na 420, iko katika jumba la Victoria and Albert Museum mjini London, na dole gumba lake limetengwa ili mvaaji aweze kuvaa kandambili.

Ugumu wa njia hii ulikuwa kupata mwanzo usio na mshono. Mwaka 2006 mfumaji Judy Becker alichapisha namna ya kuanzisha vitanzi kwenye sindano mbili zilizoshikwa sambamba, uzi ukizungushwa mara juu ya moja, mara juu ya nyingine, hata pande zote mbili zikawa na vitanzi wazi na katikati pasionekane alama yoyote. Anza na vitanzi 12 kila sindano, jumla 24. Ongeza vinne kila baada ya mzunguko mmoja, kimoja kwenye kila kona, na baada ya maongezeko 10 utakuwa na 64.

Mwelekeo huu humfaa mwenye uzi mchache. Pima uzi kwa mizani, ugawe sehemu mbili sawa, na ufume bomba la mguu hadi uzi ukaribie kwisha. Tena soksi hujaribiwa mguuni tangu sentimita za mwanzo. Tatizo limehamia juu: ukingo sasa ni wa kufunga vitanzi, na ufungaji wa kawaida haunyumbuki, hivyo soksi hukataa kupita kisigino. Chukua sindano kubwa zaidi kwa ukubwa mmoja, fuma vitanzi viwili pamoja kupitia migongo yao, rudisha kitanzi kilichopatikana kwenye sindano ya kushoto, na urudie hadi mwisho. Ukingo wa namna hiyo huvutika vizuri.

Rangi mbili

Soksi ya rangi mbili zinazofumwa kwa kupokezana huvutika kidogo sana, kwa kuwa uzi usiotumika hupita nyuma ukiwa umenyooka. Ongeza vitanzi, au panda sindano kwa ukubwa mmoja kwenye sehemu yenye michoro, na usiache uzi wa nyuma upite zaidi ya sentimita 2 na nusu bila kuushika, la sivyo vidole vitaunasa wakati wa kuvaa. Kabla ya kwenda mbali, vua sindano upande mmoja ujaribu kupitisha kisigino. Bomba lisilopita kisigino halitapita kamwe, hata likioshwa.

Vidole na kufunga

Kwa soksi iliyoanzia juu, acha kufuma unyayo zikiwa zimebaki kama sentimita 5 kufikia ncha ya kidole kirefu. Punguza vinne kila baada ya mzunguko mmoja, viwili kila upande, hadi vibaki 32. Kisha punguza kila mzunguko hadi vibaki 16, vinane mbele na vinane nyuma.

Kuviunganisha bila mshono kunahitaji utulivu, na si vigumu kama inavyosemwa. Kata uzi wenye urefu wa angalau mara nne ya upana wa kazi, uutunge kwenye sindano butu, na ushike sindano mbili za vitanzi sambamba. Kwa kuanzia, pitisha uzi kwenye kitanzi cha kwanza cha mbele kana kwamba unakifuma kinyume, ukiache. Halafu cha kwanza cha nyuma kana kwamba unakifuma usoni, ukiache. Kuanzia hapo mwendo ni mmoja. Mbele: kitanzi cha kwanza usoni, kiachilie, kinachofuata kinyume, kiache. Nyuma: cha kwanza kinyume, kiachilie, kinachofuata usoni, kiache. Uvute uzi taratibu, kwa ukazaji ulegevu kidogo, na ukaze kitanzi kimoja kimoja kwa ncha ya sindano mwishoni. Fanya zoezi hili kwanza kwenye kipande cha majaribio kwa uzi wa rangi tofauti, uone kwa macho jinsi uzi huo unavyochora mstari mpya wa herufi V kati ya pande mbili. Ukishauona mstari huo, hutahitaji kukariri mpangilio.

Osha soksi kwa maji ya uvuguvugu, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, na uianike ikiwa bapa kabla ya kuamua kama mbinu imefaulu, kwa sababu vitanzi vingi visivyo sawa hujipanga baada ya maji. Kisha andika kila kitu: ukubwa wa sindano, idadi ya vitanzi, mistari ya ukuta, mahali ulipoongeza na ulipopunguza. Bila maandishi hayo soksi ya pili itakuwa ya kubahatisha.

Wala si lazima soksi ya pili ifanane na ya kwanza kwa kila kitu. Kwa jozi ya kuvaa nyumbani, nashauri mguu mmoja uwe na kisigino cha ukuta na mwingine cha mistari mifupi, kwa uzi uleule, sindano zilezile na vitanzi vilevile 64. Zivae pamoja, zioshe pamoja, na baada ya wiki kadhaa uzikague kwenye mwanga: ni ipi iliyoteremka ndani ya kiatu, ni ipi iliyobana juu ya mguu, na ni wapi kitambaa kimeanza kupunguka. Andika majibu kando ya hesabu zako, ndipo uchague kisigino cha jozi inayofuata.